Data za Migongano ya Chembe kwa Mtu wa Arusha na Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameulizwa na wanafunzi wa vyuo, walimu wa fizikia wa sekondari na wadadisi wanaokuja kwenye vikao vyetu vya Jumamosi, mara Moshi, mara Arusha. Nimeyaweka pamoja kwa sababu nimechoka kuyajibu WhatsApp saa tano usiku. Penye maoni, ni yangu mwenyewe.

Ni data gani hasa mnazozungumzia?

Ni rekodi za migongano ya protoni inayofanyika CERN, maabara iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva. Chini ya ardhi kule kuna mashine ya mviringo yenye mzingo wa kilomita 27, inaitwa LHC. Inazungusha protoni kwa kasi inayokaribia ya mwanga, kisha inazigonganisha. Mahali zinapogongana pamejengwa vitambuzi vikubwa vinne: ATLAS, CMS, ALICE na LHCb. Kila mgongano ukitokea, kitambuzi kinaandika chembe zilizoruka zilielekea wapi, zilikuwa na nishati kiasi gani, na chaji yake ilikuwa chanya au hasi. Ni kwa data za namna hii timu za ATLAS na CMS zilitangaza kuiona chembe iitwayo bosoni ya Higgs tarehe 4 Julai 2012.

Novemba 2014 CERN ilifungua tovuti ya data huria, opendata.cern.ch. CMS ndio waliotangulia kuweka data zinazofaa kwa utafiti, terabaiti 27 za mwaka 2010. Aprili 2016 wakaongeza kama terabaiti 300 za mwaka 2011, pamoja na data za uigaji wa kompyuta zinazokwenda nazo. LHCb walianza Desemba 2022. ATLAS, ambao kwa miaka mingi walitoa data za kufundishia tu, walifungua data za utafiti Julai 2024: terabaiti 65, migongano kama bilioni 7 ya mwaka 2015 na 2016. Leo tovuti ile ina zaidi ya petabaiti 5 (petabaiti moja ni terabaiti 1,000). Utakuta humo hata data za OPERA, jaribio la nyutrino (chembe nyepesi mno zisizo na chaji), na za DELPHI, kitambuzi cha mashine iliyotangulia LHC kwenye handaki lilelile.

Lazima niombe kibali? Niandike barua kwa nani?

Huombi kwa yeyote. Data zimewekwa chini ya leseni ya CC0, maana yake wenyewe wamejivua haki ya kukuzuia. Hujisajili, hulipi, huulizwi unatoka chuo gani wala kama una chuo kabisa.

Watu hawaliamini jambo hili. Kuna kijana alikuja kikao cha Arusha na bahasha ya kaki, ndani barua ya utambulisho yenye kichwa cha chuo, saini na muhuri wa bluu, nakala mbili, akauliza aitume anwani gani. Tulimwonyesha kitufe cha kupakua. Akakibonyeza, faili likaanza kushuka, na bado akauliza: "Sasa mwalimu, barua naipeleka wapi?"

Kuna mambo mawili tu wanayokuomba. Ukiandika chochote kutokana na data zile, taja DOI ya seti uliyotumia, ile namba ya kudumu iliyoandikwa kwenye ukurasa wake. Halafu usiandike kana kwamba CMS au ATLAS wameidhinisha matokeo yako. Kazi ni yako, na makosa ni yako.

Chuo chako kinaweza kuwa na utaratibu wake wa kusajili pendekezo la utafiti. Hayo malizana na idara. Ila ukiulizwa fomu za ridhaa za washiriki na ulinzi wa taarifa binafsi, jibu kwa utulivu kwamba humo ndani hamna mtu, hamna mgonjwa wala namba ya simu. Kuna protoni.

Kwa nini watoe bure kitu kilichowagharimu hivyo?

Gharama zenyewe ndiyo sababu ya kwanza. Fedha ni za walipa kodi wa nchi nyingi, na hakuna mtu mwingine atakayejenga LHC ya pili ili kuhakiki kilichoonekana kwenye hii. Ukitaka kuhakiki, njia ni kurudi kwenye data zilezile. Makala ya pamoja ya ATLAS na CMS kuhusu tungamo la Higgs, iliyotoka mwaka 2015, ina waandishi 5,154. Ukiwaondoa hao, wataalamu waliobaki duniani wa kuikagua kazi ile kwa macho ya nje ni wachache, na bila data hawana pa kushika.

Sababu ya pili ni kwamba data huzeeka vibaya zikifichwa. Mfano mzuri uko Hamburg, Ujerumani. Jaribio la JADE lilifanya kazi kwenye maabara ya DESY kuanzia mwaka 1979 hadi 1986, likigonganisha elektroni na pozitroni, yaani pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Baadaye nadharia ya nguvu kali, ile inayofunga kwaki ndani ya protoni, iliimarika sana, na watu wakatamani kuirudia JADE, kwa kuwa hakuna mashine nyingine iliyokuwa ikifanya kazi katika viwango vile vya nishati. Ndipo wakakuta mikanda ya sumaku imetawanyika, programu zimeandikwa kwa ajili ya kompyuta zilizokwishatupwa, na baadhi ya namba muhimu zimesalia kwenye karatasi za printa tu, ikabidi zichapwe upya. Walifanikiwa, na makala mpya zikatoka miaka mingi baada ya mashine kuzimwa. Walifanikiwa kwa sababu baadhi ya waliokuwepo walikuwa bado hai na wanakumbuka. Data ikiwa wazi, na maelezo yake yakawekwa pembeni yake wakati wenyewe bado wako kazini, haitegemei kumbukumbu ya mzee mmoja.

CERN pia ina desturi hiyo. Ndiyo iliyoachia teknolojia ya wavuti itumiwe na kila mtu bila malipo, Aprili 1993.

Mbona data zenyewe ni za zamani?

Kwa sera. Desemba 2020 majaribio yote manne makubwa, yaani ATLAS, CMS, ALICE na LHCb, yalikubaliana sera moja: data za utafiti zianze kutolewa takriban miaka mitano baada ya kukusanywa, na hadi jaribio linafungwa ziwe zimetoka zote.

Kuna wanaonung'unika kwamba miaka mitano ni mingi. Mimi sioni hivyo. Aliyekesha kwenye chumba cha udhibiti na kushika bisibisi handakini anastahili kuandika makala yake kwanza, la sivyo hakuna kijana atakayekubali kutumia miaka minne ya uzamivu akitengeneza nyaya. Isitoshe, data za mwaka wa kwanza huwa hazijasawazishwa. Kitambuzi kinahamahama kwa sehemu ya milimita, joto linabadilika, kipimo kimoja kinasoma juu kidogo. Kusahihisha yote hayo huchukua muda, na ukipewa kabla ya hapo utapoteza mwaka kutafuta maana ya kitu ambacho ni waya uliolegea.

Kwa hiyo wametoa kila kitu?

Hapana, na ni vizuri ujue mapema. Huwa wanagawa data katika ngazi nne. Ya kwanza ni matokeo yaliyochapishwa pamoja na majedwali ya namba zake. Ya pili ni data zilizorahisishwa kwa ajili ya kufundishia. Ya tatu ni data zilizokwishaundwa upya, yaani kompyuta imeshatafsiri alama za umeme kuwa "hii ni muoni, hii ni elektroni, nishati yake hii" (muoni ni ndugu mzito wa elektroni). Ya nne ni data mbichi, alama za umeme zenyewe.

Ngazi tatu za mwanzo zinatolewa. Ya nne kwa kawaida haitolewi, na si kwa uchoyo. Bila programu nzima ya kitambuzi, orodha ya maelfu ya vipimo vya kusawazisha na kompyuta nyingi mno, data mbichi haikusaidii kitu. Hata wanachama wenyewe mmoja mmoja hawaigusi.

Halafu kuna upotevu wa mwanzo kabisa ambao wageni husahau. Ndani ya kitambuzi mafungu ya protoni hupishana hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Hakuna diski ya kuhifadhi yote hayo. Kuna kichujio kinachoamua papo hapo kipi kihifadhiwe, na katika data za mwaka 2010 hadi 2012 kilichobaki kilikuwa mia chache hadi elfu moja hivi kwa sekunde. Kilichotupwa kimetupwa, hata mkurugenzi wa CERN hana. Kila uchambuzi utakaofanya umeanzia kwenye data iliyochaguliwa, na ni juu yako kujua ilichaguliwa kwa vigezo gani.

Kuna mtu wa nje aliyewahi kupata kitu cha maana, au ni maonyesho tu?

Yupo. Mwaka 2017 kikundi cha watu watano, mmoja wao Jesse Thaler wa MIT, kilichapisha katika jarida la fizikia la Physical Review Letters matokeo yaliyotokana na data huria za CMS za mwaka 2010. Walichunguza jeti, lile fungu la chembe zinazoruka kuelekea upande mmoja pale kwaki, au gluoni (chembe inayozishikamanisha kwaki), inapochomoka kwenye mgongano. Nadharia ina fomula inayosema kwaki au gluoni ikigawanyika mara mbili, nishati inagawanywaje kati ya vipande viwili. Fomula hiyo inatumika kila siku kwenye hesabu za watu wa fani hii, lakini ilikuwa haijawekwa mbele ya macho moja kwa moja namna ile. Wao waliiweka, kwa data ambazo wewe uliyeko Usa River unaweza kuzipakua leo.

Soma makala yao kwa jicho la kujifunza unyenyekevu pia. Hawakudai kwamba wamesahihisha athari zote za kitambuzi, na walieleza wazi wapi data huria hazikuwapa vya kutosha. Hao ni watu waliobobea katika nadharia hiyo, na bado kuielewa lugha ya ndani ya CMS kuliwala muda.

Hapo ndipo nilipo na msimamo wangu, na nitauweka wazi: kibali si tatizo tena. Tatizo ni maelezo. Data bila maelezo ni daftari la madeni la duka la mtaa, namba zipo na herufi zipo, lakini "M.J. 3 nus." anaijua mwenye duka. Kwa hiyo ninapomwona mtu anajisifu amepakua gigabaiti 200, huwa namuuliza amesoma kurasa ngapi za nyaraka. Mara nyingi hajasoma hata ule ukurasa wa seti yenyewe.

Bando langu litatosha?

Fanya hesabu kabla ya kulia. Chukua intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, inayokwenda bila kukatika, jambo ambalo wote tunajua ni ndoto. Petabaiti 5 zote zitakuchukua karibu miaka 127. Terabaiti 65 za ATLAS, mwaka mmoja na miezi kama minane. Kwa hiyo sahau habari ya kuchukua zote.

Sasa hesabu nyingine. CMS wametoa faili moja la mwaka 2012 lenye muoni peke yake, ukubwa wake ni gigabaiti 2.1, na ndani yake kuna migongano zaidi ya milioni 61. Kwa intaneti ileile ni kama nusu saa. Kuna pia majedwali madogo ya kufundishia yenye migongano 100,000, yanafunguka hata kwenye Excel, na yanaingia kwenye bando la siku moja bila shida.

Jambo la tatu halijulikani sana hapa kwetu. Mafaili ya fani hii yamepangwa kwa safu wima. Ukihitaji momenta na chaji tu, programu inaweza kusoma safu hizo peke yake kupitia mtandao na kuacha nyingine zote huko ziliko. Walioko kwenye taasisi zenye mkongo mzuri, kama Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, hali yao ni nafuu. Wengine tumieni njia hii.

Sina laptopu, au ninayo lakini ni ya zamani.

Google Colab inaendesha Python kwenye seva zao, wewe unatumia kivinjari tu. Data inashuka huko huko kwenye seva, hailambi bando lako, kinachokuja kwako ni michoro. Tumeshawahi kuendesha somo zima kwenye steshenari ya Moshi mjini, kompyuta mbili, mwenye duka akatudai kwa saa kama anavyomdai anayejaza fomu za mkopo. Kitu kimoja: kazi isipohifadhiwa kwenye Drive yako, kipindi kikiisha mafaili ya muda yanapotea. Hifadhi.

Nianzie wapi? Nataka kuona kitu kwa macho yangu leo.

Anza na lile jedwali dogo la CMS la muoni mbilimbili, Dimuon_DoubleMu.csv. Fungua. Kila mstari ni mgongano mmoja uliotoa muoni mbili, na mbele yake kuna safu: E1 ni nishati ya muoni ya kwanza, px1, py1 na pz1 ni momenta yake kwa pande tatu, Q1 ni chaji. Halafu vilevile kwa ya pili. Mwishoni kuna M, tungamo ambalo wao wameshalikokotoa. Usiliangalie kwanza. Likokotoe mwenyewe.

Hesabu ni ya kidato. Jumlisha nishati mbili, weka kipeo cha pili. Jumlisha px mbili, py mbili, pz mbili, kila jumla weka kipeo cha pili, zitoe zote tatu kwenye ile ya nishati. Tafuta kipeuo cha pili. Basi. Hilo ndilo tungamo la kitu kilichovunjika kikatoa muoni mbili, kama zilitoka kwenye kitu kimoja.

Jaribu kwa kichwa: muoni mbili zenye nishati ya GeV 45.6 kila moja (GeV ni kipimo cha nishati cha fani hii, na tungamo pia hupimwa kwacho), zikiruka pande mbili zinazopingana kabisa. Nishati jumla ni 91.2. Momenta zinafutana, zinabaki sifuri. Tungamo ni 91.2, ambalo ndilo tungamo la chembe ya Z.

Sasa fanya kwa mistari yote 100,000 na uchore histogramu. Mingi kati ya mistari hiyo muoni zake hazihusiani, kwa hiyo utapata mteremko. Lakini juu ya mteremko huo vinasimama vilele. Karibu na 3.1 kuna kilele chembamba kirefu, hiyo ni chembe iitwayo J/psi. Karibu na 9.5 ni nyingine, Upsilon. Na pale 91 kuna kilele kipana, hiyo ni Z. Tumia kipimo cha logi kwenye mihimili yote miwili, la sivyo vilele vya chini vitajibana pembeni usivione.

Kisha chagua mistari ambayo Q1 na Q2 zina alama moja. Chora tena. Vilele vinanywea, kwa sababu chembe isiyo na chaji haiwezi kuvunjika ikatoa chanya mbili. Nimeona mwalimu wa miaka mingi wa pale Moshi akikaa kimya zaidi kwenye mchoro huu wa pili kuliko wa kwanza. Kufundisha uhifadhi wa chaji alikuwa amefundisha, ila ubaoni.

Mwalimu, nimeona kilele kisichojulikana. Nimegundua chembe mpya?

Hapana.

Sawa, nieleze. Kwanza tazama kichujio. Kama kilihifadhi muoni zilizovuka kiwango fulani tu cha momenta, idadi itapanda ghafla mahali fulani kwenye mchoro, na kupanda huko kunafanana na kilima. Pili, tazama kingo za jedwali: kama waliotengeneza seti walikata chini ya GeV 2 na juu ya 110, usishangae mchoro ukifa hapo. Tatu, hesabu una migongano mingapi ndani ya kilele. Ikiwa ni 14 na pembeni yake ni 9, huo ni mchezo wa bahati. Ukichora michoro mingi, mmoja lazima utakuchekea.

Hata wenyewe hupatwa. Desemba 2015 ATLAS na CMS walionyesha ongezeko dogo la fotoni (chembe za mwanga) mbilimbili karibu na GeV 750. Wananadharia wakaandika mamia ya makala kulielezea. Agosti 2016, data zikiwa nyingi zaidi, ongezeko likayeyuka. Hakuna aliyedanganya. Namba zilikuwa chache.

Ukiona kitu, jaribu kukiua. Badilisha upana wa vijisanduku vya histogramu, gawa data nusu kwa nusu uone kama kipo pande zote mbili, kirudie kwenye data za mwaka mwingine. Kikikataa kufa, njoo Jumamosi tukisaidie kufa.

ROOT au Python?

ROOT ndiyo programu ya CERN, ina nguvu, imeandikwa kwa C++, na ujumbe wake wa makosa unatisha. Kama unajua Python kidogo, tumia maktaba ya uproot, inafungua mafaili ya ROOT bila kusakinisha ROOT yenyewe. Kwa data za CMS za kuanzia mwaka 2015 tafuta muundo unaoitwa NanoAOD, maana huo hauhitaji programu ya ndani ya CMS. Data zao za 2010 hadi 2012 kwa muundo wake wa awali zinahitaji mazingira ya zamani ndani ya kontena la Docker, yaani kifurushi chenye programu zote za wakati ule. Usianzie huko.

Nafundisha Kidato cha Tano na cha Sita. Zinanifaa?

Zinafaa, ila usizilete kama "fizikia ya chembe", utawatisha na mtihani unakuja. Zilete kama zoezi la vekta, uhifadhi wa nishati na takwimu. Mwanafunzi wa PCM ana zana zote za kufanya hesabu ya hapo juu. Kuna pia mpango wa kimataifa unaoendeshwa tangu mwaka 2005, ambapo wanafunzi wa sekondari hukaa siku moja na data halisi kisha hulinganisha matokeo na shule za nchi nyingine kwa video. Zoezi lake linaweza kufanyika hata bila kujiunga, mafaili yako wazi.

Shule isiyo na kompyuta? Chapisha mistari 40, gawa kwa makundi, kila kundi likokotoe kwa kikokotoo, mchore histogramu moja ubaoni. Kelele itakuwepo, na kilele kitakuwa kibovu. Fanya hivyo hivyo.

Kwa nini nihangaike na protoni za Geneva wakati maji ya hapa yana floraidi?

Swali hili liliulizwa na dada mmoja wa Ngaramtoni, kwa hasira kidogo, na ndilo swali bora tulilowahi kupata.

Kuzunguka Mlima Meru maji ya visima na chemchemi nyingi yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia hapa hatuhitaji kuelezwa. Vipimo vimechukuliwa mara nyingi, na watafiti wengi, kwa miaka mingi. Sasa jaribu kuvipata. Matokeo utayaona kwenye makala: wastani, kiwango cha juu, kiwango cha chini. Jedwali lenyewe, kisima kwa kisima, tarehe, kifaa kilichotumika, liko kwenye flashi ya mtu aliyehitimu na kuhamia Dodoma. Mwanafunzi niliyemsimamia aliandikia ofisi moja akiomba jedwali la namna hiyo, akaambiwa afike na barua, akafika nayo, akaambiwa mhusika yuko semina. Akaishia kupima upya visima vilevile.

Wa Geneva wanatufungulia migongano bilioni 7, sisi kwa sisi tunanyimana mistari 80 ya Excel. Kwa hiyo jibu langu kwa dada yule lilikuwa: protoni si lazima. Jifunze kwao namna ya kutoa data. Namba ya kudumu, leseni inayoeleweka, ukurasa wa maelezo unaosema kila safu ni nini, kipimo chake, kifaa gani, nani alipima, na kitu gani hakikupimwa. Zenodo, hazina inayoendeshwa na CERN tangu mwaka 2013, inapokea data za mtu yeyote wa fani yoyote bila malipo, hadi gigabaiti 50 kwa kila seti. Jedwali la visima halifiki hata megabaiti moja. Utapewa DOI hapohapo, na atakayelitumia atakutaja.

Hofu ya kuporwa kazi naielewa, na si ya kubuni. Fanya kama wao: jipe muda wako. Chapisha kwanza, kisha fungua. Ila huo muda uuandike tarehe. "Baadaye" haimo kwenye kalenda.

Tahadhari moja ambayo watu wa protoni hawana: kisima kina mwenyewe, na kaya ina watu. Ondoa majina na usiweke ramani ya nyumba ya mtu. Hapo sasa sheria ya taarifa binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu.

Mama anauliza, hii ina ajira?

Mwambie mama shikamoo. Ajira ya moja kwa moja ya fizikia ya chembe hapa nchini hakuna ya kutaja, na Tanzania si mwanachama wa CERN. Afrika Kusini na Morocco wamo kwenye ATLAS, Misri kwenye CMS. Lakini anayejua kusafisha jedwali la mistari milioni 61, kulichora na kueleza wapi asiliamini, benki inamtaka, hospitali inamtaka, kampuni ya simu inamtaka. Anayetaka kuendelea na fizikia yenyewe aangalie Shule ya Afrika ya Fizikia, iliyoanza mwaka 2010 Afrika Kusini na kuhama nchi hadi nchi, mwaka 2016 ilikuwa Kigali, na programu ya CERN ya wanafunzi wa likizo, ambayo hupokea pia wa nchi zisizo wanachama. Ushindani ni mkali. Kazi moja ndogo uliyoifanya na data huria, ikiwa na msimbo wake na maelezo yake, inasema mengi kuliko vyeti vya semina.

Umeme ukikatika katikati ya kupakua?

Usianze upya. Kwenye Linux, au kwenye Windows yenye zana hiyo, tumia amri ya wget -c ukifuatisha anwani ya faili, itaendelea pale ilipoishia. Likimaliza kushuka, linganisha jumla ya kuhakiki (checksum, msimbo unaoonyesha kama faili limefika zima) na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa faili. Zisipofanana, lifute ulipakue tena, na fanya hivyo usiku baada ya saa sita, mtandao wa hapa Moshi unakuwa mwepesi.